Meza nane mbele ya matangi: shajara ya maandalizi, Luchelele, Mwanza

Jumatatu, baada ya kikao

Hoja imepita. Jumamosi moja ya mwezi ujao tutafunga geti la mchana saa kumi na moja, tusafishe ukumbi, tufungue tena saa moja na nusu usiku kwa watu wazima tu. Miaka 18 kwenda juu. Watakula chakula cha usiku katikati ya matangi ya samaki, meza nane, kila meza na tangi lake.

Bosi ana sababu yake: viingilio vya wanafunzi havitoshi hata umeme wa pampu. Mimi ninayelisha hawa samaki na kuwasafishia kioo nina sababu nyingine. Mzazi akija hapa mchana hatazami tangi, anatazama watoto. Anawahesabu, anamfuta mmoja makamasi, anapiga picha mbili, wanaondoka. Mkazi wa Mwanza mwenye miaka arobaini anamjua sato kwa ladha, sangara kwa bei ya kilo, na furu, yule samaki mdogo wa rangi nyingi, kwa sababu aliwahi kumtumia kama chambo. Kumtazama samaki akiishi, saa mbili mfululizo, hajawahi. Basi nataka akae, ana kiti, ana kinywaji, na hakuna anayemvuta shati.

Mhasibu ameshaandika "usiku wa wapendanao" kwenye rasimu ya tangazo. Nimelifuta.

Jumatano: taa

Huku kwetu jua huzama kabla kidogo ya saa moja jioni, na mwaka mzima tofauti ni ndogo. Furu wetu wanaishi kwa saa hiyohiyo: taima inawasha taa asubuhi saa moja, inazizima jioni saa moja. Kwa hiyo mgeni akiketi saa mbili usiku atakuta wamelala. Furu akilala rangi inapauka na anajibana kwenye mawe. Mtu katoa hela yake, halafu anatazama mawe.

Bosi: "Si tuziache taa zikiwaka tu usiku huo?"

Haiwezekani. Taa zikipitiliza wanachoka na wanaanza kugombana, na zikizimwa ghafla saa tano usiku wanashtuka na kujigonga kwenye kioo. Nimeshaona pua zilizochubuka hivyo baada ya umeme kukatika. Kinachofaa ni kuisogeza siku yao nzima: robo saa mbele kila baada ya siku mbili, kuwaka na kuzima vyote pamoja, mpaka machweo yao yaangukie saa tatu na nusu usiku. Saa 12 za mwanga zinabaki 12. Wao hawatajua kitu.

Watakaojua ni wanafunzi, maana asubuhi ya furu itaanza saa tatu na nusu, na mabasi ya shule hufika saa mbili.

"Kwa hiyo tunawaondoa wanafunzi ili kuwapisha wanywaji?" Mhasibu huyo.

Nimezipigia shule, ziara zimesogezwa saa tano. Mwalimu mkuu mmoja alifurahi kweli, anasema wanafunzi wake hawajawahi kufika popote saa mbili.

Kamongo, na gogogo ambaye ni wa ukoo wa kambale, hawana habari na haya. Wao ni wa usiku tangu hapo. Matangi yao yatakuwa na taa nyekundu hafifu, na wageni ndio watakaosubiri macho yazoee.

Ijumaa: mwezi

Nilitaka usiku wa giza totoro. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hawatoki kwa sababu mwanga wa taa hauwezi kushindana na ule wa juu. Giza likiwa zito wanajaa ziwani, na kutoka baraza letu unaona taa zimepangana mpaka unadhani kuna mji ng'ambo. Mgeni akitoka kunywa chai aone hilo. Ni nusu ya tiketi.

Tatizo ni wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi mweusi na kuifuata taa. Huzidi sana siku chache baada ya mwezi kuandama. Wakiingia ukumbini watakuwa kwenye supu, kwenye glasi, kwenye nywele za watu. Na dawa ya kupuliza ndani ya jengo hili ni marufuku kabisa: pampu za hewa zinavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini, na dawa nyingi za mbu ambazo kwa binadamu ni harufu tu, kwa samaki ni kifo. Hata udi nimeukataza.

Tumekubaliana: Jumamosi ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, siyo ile inayofuata. Giza tunalipata, wadudu tunawatangulia. Madirisha yanawekewa wavu hata hivyo.

Jumanne: menyu, na hapa ndipo penye kazi

Wengine kwenye kikao walitaka kuku. Eti ni aibu kula samaki mbele ya samaki. Nikamleta mama anayetupikia, mtu wa Mwanza mzaliwa, mikono yake imepara samaki tangu utoto. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, "utamkalisha mtu ukingoni mwa ziwa hili, sato wananukia kila nyumba, halafu wewe umwekee kuku?"

"Mama, wanasema wenzake wanamtazama."

"Wenzake! Sangara yule ndani amekula wenzake wangapi?"

Ikawa ndiyo kanuni ya menyu, ingawa yeye aliisema kwa mzaha. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameijaza Ghuba ya Mwanza. Sato naye, huyu tunayemwita sato leo, ni mgeni wa miaka hiyohiyo. Ngege, ndugu yake sato, ndiye mwenyeji, na leo ukitaka kumwona itakubidi uende kwenye mabwawa na viziwa vya pembeni. Furu walikadiriwa zaidi ya spishi 500, na nyingi hazikuonekana tena baada ya sangara kuenea. Sangara hakuwa peke yake: nyavu za kokoro, tope na mbolea zinazoshuka na mito, maji kupoteza hewa kule chini, vyote vilisaidia.

Kwa hiyo: sangara na sato wanaingia mezani, dagaa wanaingia maana ni wenyeji lakini bado ni wengi. Furu, ngege, ningu na kamongo hawaguswi. Kambale tulijadiliana sana, tukamwacha kwa sababu mama mwenyewe hapendi kumpika.

Siandiki haya kumfanya sangara adui. Nusu ya mtaa niliokulia ilijengwa kwa sangara. Kuna waliosomeshwa kwa minofu iliyokwenda Ulaya, na waliokula mapanki yaliyobaki baada ya minofu kuondoka, na kuna nyumba nilikokulia ambamo yote mawili yalitokea chini ya bati moja. Sasa hivi kilo ya bondo, lile puto la ndani ya tumbo lake, ina bei kuliko kilo ya nyama yake. Mgeni akila mnofu na kumtazama mwenyewe anapita na jicho lake la dhahabu, ayashike yote mawili kwa pamoja. Nimeomba sahani ya sangara iletwe kwanza kwenye meza iliyo mbele ya tangi lake. Wahudumu wawili wanaona ni utovu wa adabu. Mimi naona kumficha ndiyo utovu wenyewe.

Menyu ilivyo: supu ya kichwa cha sangara yenye pilipili na ndimu, dagaa wa kukaanga, sato wa mkaa, mnofu wa sangara kwa nyanya na karanga, ugali wa udaga wa muhogo na mlenda, mwisho matobolwa ya viazi vitamu na karanga na chai ya tangawizi. Asiyekula samaki atapata maharage, na hatutamuuliza kwa nini.

Jumatano: mwaloni

Alfajiri soko la samaki la Kirumba na mama. Alikuja na futi ya fundi cherehani. Sheria inasema sangara asiwe chini ya sentimita 50 na sato asiwe chini ya 25, na yeye anapima kila mmoja, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, muuzaji akimwangalia kama anayepimiwa suti.

"Mama, huyu si anatosha?"

"Huyu ana 47. Alitakiwa kuwa bado anakua."

"Mama, kwani umekuwa afisa uvuvi?"

"Nimekuwa mteja."

Muuzaji mmoja alikasirika. Wa pili aligeuza kapu lake kubwa na kutupangia wenye urefu, na ndiye atakayetuletea Jumamosi.

Wiki inayofuata: moshi na muziki

Jiko la mkaa linakaa uani, ubavuni mwa jengo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, hivyo mbele hapafai na nyuma hapafai. Ubavuni hakuna upepo unaouleta moshi ndani. Bomba la kuvutia hewa ya pampu nimelirefusha hadi upande wa barabara. Kazi ya nusu siku, haina hadithi.

Muziki una hadithi. Bosi ana rafiki mwenye bendi. Kabla sijabishana nikaweka spika moja ukumbini, sauti ya kawaida ya harusi, nikakaa mbele ya tangi la gogogo. Wote walikuwa chini ya gogo wakila. Besi ilipoingia walitawanyika, wakagonga kioo, mmoja akajichomeka kwenye kona na kusimamisha miiba. Furu walitulia zaidi. Hii inaeleweka: sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki wa ukoo wa kambale, pamoja na ningu na dagaa, wana vijifupa vinavyounganisha puto lao la ndani na sikio. Kwao besi haisikiki tu, inawapita mwilini.

Nikamwita bosi atazame. Alitazama mara mbili. Bendi itapiga barazani, bila besi, spika zimeelekezwa ziwani, na viti vyote vya ukumbini vinavishwa mpira miguuni ili visikwaruze sakafu. Rafiki wa bosi amekubali, ila amepunguza wanamuziki na hakupunguza bei.

Alhamisi: taa ya chungwa

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Tuna furu wa aina mbili kwenye tangi la mawe: *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu, dume wake mgongo mwekundu, na ndugu yake *Pundamilia pundamilia*, dume wake wa bluu. Majike yao yanafanana, ya kijivu-manjano, hata mimi nayatofautisha kwa shida. Jike hujua dume wake kwa rangi. Watafiti waliofanya kazi kwenye ghuba hii, Ole Seehausen na wenzake, waliwawekea majike madume wa aina zote mbili. Kwenye mwanga mweupe kila jike alimfuata wa aina yake. Kwenye mwanga wa chungwa, ambao unazifuta rangi, walichagua ovyo. Ndicho kinachotokea ziwani maji yanapochafuka. Kisiwa cha Makobe kwenye Ghuba ya Speke, maji yakiwa maangavu, aina hizi mbili zinabaki mbili. Ndani ya Ghuba ya Mwanza kwenye tope, zinachanganyika mpaka huwezi kusema huyu ni nani.

Nimemwomba fundi aweke taa ya pili juu ya tangi, ya chungwa tupu, yenye swichi yake. Leo tumeijaribu. Taa nyeupe: yule pale mwekundu, yule wa bluu, wanatishana juu ya jiwe, mapezi wima. Tukahamia ya chungwa taratibu. Mbele ya macho yetu wakawa samaki wawili wa kijivu wenye milia.

Fundi, ambaye ameunganisha nyaya za jengo hili tangu linajengwa, aliweka bisibisi chini. "Kaka, warudishe." Nikawarudisha. "Hebu wapoteze tena."

Basi kama imemkamata fundi, itamkamata meneja wa benki.

Jumapili: umeme

Ulikatika wenyewe, bila sisi kuigiza, na ikawa zoezi. Jenereta iliwaka haraka, lakini nilikuwa na muda wa kuangalia nani anaumia kwanza. Sangara. Yule mkubwa anadai oksijeni nyingi, na pampu ikisimama anaanza kupanua mashavu mapema kuliko wote. Furu walipunguza mwendo tu. Kamongo hakujishughulisha: yeye ana mapafu, anapanda juu, anavuta hewa, anashuka. Ukimzuia asifike juu, atakufa maji kama mimi na wewe.

Tumenunua pampu ndogo za betri, mbili kwa tangi la sangara. Usiku wa wageni mtu mmoja hatakuwa na kazi nyingine isipokuwa kukaa karibu na jenereta. Nimemwahidi sahani ya kwanza ya sato.

Jumamosi yenyewe

Naandika saa saba usiku, viatu pembeni.

Meza zote zilijaa. Walimu, watu wa mabenki, waongoza watalii, wanandoa wawili waliotoka Sengerema kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi na kuona fahari kulitaja, na meza moja ambayo bosi alikubali iwe ya wavuvi, wametoka Igombe, hawakulipa. Hiyo niliipigania. Bila wao ingekuwa sherehe ya watu wanaokula ziwa wakijadili ziwa.

Mwanzoni kila mtu alikuwa kwenye simu. Taa za flashi tulishaziba, kwenye lango kila simu ilibandikwa kipande cha utepe mweusi. Iliyowatoa kwenye simu ni furu jike mmoja, meza ya tatu. Koo lake lilikuwa limevimba, limejaa mayai. Nilikuwa nimedondosha chakula tangini ili wageni waone furu wakila. Wote waliruka, yeye hakugusa. Mwalimu mmoja akaniuliza kama anaumwa. Nikamwambia ana watoto mdomoni, hatakula mpaka wawe tayari kutoka, na hiyo huchukua wiki mbili, tatu. Mwalimu alikuwa na kijiko cha supu karibu na mdomo. Akakishusha, akawaita wa meza ya pili. Baadaye kila aliyepita kwenda msalani alisimama pale kumwangalia mama asiyekula.

Kamongo alitusaidia bila kuombwa. Kwenye ukumbi wenye mwanga mwekundu hafifu alipanda, akapiga ule mvuto wake wa hewa, sauti nzito kama mtu anayekunywa uji wa moto, na dada mmoja aliyekuwa akieleza habari za mkopo aliacha katikati na hakurudi kwenye mkopo.

Kwa sangara alisimama bwana mmoja mnene, sahani mkononi, mnofu umebaki nusu. Akamwinulia uma. "Samahani ndugu." Meza ikacheka. Mzee wa Igombe naye akasimama, akasogea kwenye kioo, akamkadiria kwa macho, wala hakutumia futi.

"Huyu kilo arobaini."

"Umekaribia, mzee. Thelathini na nane tulipompima."

"Nimewahi kumvuta mkubwa kuliko mimi, na wengine hawavutiki, wanakata kamba." Akaeleza jinsi miaka ile walivyokuwa wakivuta wavu umejaa furu wadogo, wa kila rangi, wanawamwaga mchangani kwa kukosa wateja, halafu mwaka mmoja wavu ukaja na sangara watupu. "Tulishangilia," akasema. "Nani angelia? Tulinunua injini." Bwana mnene akamvutia kiti. Wakakaa pale mpaka chai, na sikupata nafasi ya kutoa maelezo niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu sangara, wala hayakuhitajika.

Taa ya chungwa tuliiwasha saa tatu, kabla ya furu kulala. Fundi ndiye aliyeshika swichi, alikataa kuniachia. Walipopotea rangi watu walipiga kelele ya "aah", na aliporudisha wakapiga makofi. Mtu akauliza, "Sasa maji yakisafishwa, hawa waliochanganyika watarudi kuwa wawili?" Swali zuri kuliko yote ya usiku. Nilimjibu kwamba waliokwisha kuchanganyika hawatenganishwi kwa kusafisha maji. Kinachookolewa ni wale ambao bado ni wawili.

Yaliyokwenda ovyo: mmoja alitaka kumlisha kamongo ugali na nikafika kwa wakati, ana taya linaloweza kukata kidole. Mwingine aliuliza mara tatu bei ya sangara wa tangini. Bia iliisha mapema. Wadudu walikuja wachache, wavu uliwazuia.

Saa tatu na nusu taa za furu zikaanza kufifia kidogo kidogo, na wageni wakahamia barazani. Taa za dagaa zilikuwa nyingi. Wa Igombe waliweza kusema zile pale ni za kambi ipi.

Jumatatu

Nimepima maji ya matangi yote: amonia haipo, joto liko nyuzi 25 na zaidi kidogo, hakuna aliyechubuka. Gogogo mmoja hakula jana, leo kala. Jike wa meza ya tatu bado ameshikilia.

Hesabu za mhasibu: tumelipa umeme wa mwezi na kubakiza. Anataka tufanye kila Jumamosi. Nimemwandikia kwamba haiwezekani, kwa sababu siwezi kuwasogeza furu mbele na nyuma kila wiki, na mwezi nao hausubiri mhasibu. Mara moja kwa mwezi, wiki hiyohiyo ya giza, na taa zibaki kwenye saa za jioni moja kwa moja. Shule zimeshakubali saa tano.

Mama wa jikoni ameomba mwezi ujao apike mapanki, yale yaliyokaangwa makavu, na ameshapanga yawekwe kwenye meza ipi. Bosi anasema hakuna atakayelipa hela ile kula mapanki. Nimempa mama ruhusa ya kujaribu kwenye meza mbili.